Mkono wa Kushoto: Historia ya Ndege Ndogo Kupishana Juu ya Uwanja

Tarehe 3 Oktoba 1910, umati ulikuwa umekusanyika nje ya jiji la Milano, Italia, kutazama mashindano ya kimataifa ya ndege. Kapteni Bertram Dickson wa Uingereza alikuwa angani na Farman, ndege ya mbawa za ghorofa mbili isiyo na haraka. Juu yake alikuwepo Mfaransa René Thomas na Antoinette, ndege ya jozi moja ya mbawa yenye mwendo mkali zaidi. Thomas akaanza kushuka. Hakumwona aliyekuwa chini yake, na Dickson hakuwa na namna ya kumwona aliyekuwa juu yake. Antoinette ikaiangukia Farman mgongoni, na zote mbili zikaporomoka mbele ya watazamaji.

Hiyo ndiyo ajali ya kwanza inayojulikana ya ndege mbili kugongana angani. Marubani wote wawili walitoka hai. Thomas alipona hata akashinda mbio za magari za Indianapolis 500 mwaka 1914. Dickson aliumia vibaya, hakurudia afya yake, na alifariki mwaka 1913.

Wakati ule ndege za dunia nzima zilikuwa chache mno, na mtu angeweza kudhani kwamba anga lilikuwa na nafasi ya kumtosha kila mmoja. Lilikuwa nayo kweli, isipokuwa mahali pamoja: juu ya uwanja wenyewe. Huko mbali kila rubani huchagua njia yake, lakini wote lazima warudi kwenye kipande kilekile cha ardhi, wakiwa chini, wakiwa na shughuli nyingi mikononi, wengine upesi na wengine polepole. Tangu Milano, kuziepusha ndege ndogo na migongano kumedai jambo moja zaidi ya mengine yote: kila rubani aweze kujua mapema atakachofanya mwenzake, hata kabla hajamwona.

Jaribio kubwa la kwanza la kuliandika hilo kuwa sheria lilifanyika Paris. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliotiwa saini tarehe 13 Oktoba 1919 uliazima mengi kutoka kwa manahodha. Ndege zibebe taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, kama vyombo vya baharini. Wanaokutana uso kwa uso, kila mmoja apinde kulia. Anayetaka kumpita mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kujiepusha. Hata hivyo, manahodha hawakuwa na jibu la swali la uwanja, kwa sababu meli inaweza kusimama ikasubiri zamu na ndege haiwezi. Ndege inayosubiri lazima iendelee kwenda, na njia pekee ya kwenda bila kuondoka ni kuzunguka.

Ndiyo maana mkataba ule ulizungumzia pia mzunguko. Kila uwanja ulitakiwa kupandisha bendera mahali panapoonekana. Ikiwa nyekundu, rubani anayehitaji kuzunguka kabla ya kutua azunguke kwa mkono wa kushoto, bendera ikibaki upande wa taa yake nyekundu. Ikiwa nyeupe, azunguke kwa mkono wa kulia, upande wa taa ya kijani. Kitambaa kimoja juu ya mlingoti kiliwaelekeza watu wasiojuana, waliotoka miji tofauti na wenye lugha tofauti, wafuatane badala ya kukatishana.

Miaka ilivyokwenda, mkono wa kushoto ndio uliotawala. Katika ndege ambamo watu wawili huketi bega kwa bega, rubani kiongozi hukaa kushoto, na akizunguka kwa kushoto uwanja wote unabaki dirishani mwake. Leo sheria za Marekani zinataka viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege vifuate mzunguko wa kushoto, isipokuwa pale ambapo alama za ardhini zinaonyesha vinginevyo. Kulia kumeachiwa viwanja vyenye sababu maalumu: mlima, mji, au uwanja mwingine wa jirani.

Lakini sheria ya karatasini haikutosha kuwafikia waliokuwa angani. Tarehe 7 Aprili 1922, ndege ya barua iliyotoka Croydon, London, na ndege ya abiria iliyotoka Paris ziligongana juu ya jimbo la Picardie, kaskazini mwa Ufaransa. Mvua nyepesi na ukungu vilikuwa vimewalazimisha marubani kushuka chini na kuifuata barabara kwa macho, na wote wawili waliifuata ileile, kila mmoja kutoka upande wake. Watu saba walikufa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege mbili za mashirika ya usafiri kugongana, na mashirika yakaanza kukubaliana juu ya njia na pande za kupita, na juu ya haja ya redio.

Viwanja vingi havikuwa na redio bado. Mwaka 1929, uwanja wa Lambert mjini St. Louis, Marekani, ulimwajiri Archie League, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa maonyesho na fundi wa ndege. Kila asubuhi alisukuma toroli hadi ukingoni mwa njia ya kurukia, likiwa na kiti, mwavuli wa jua, daftari na chakula chake cha mchana. Alikuwa na bendera mbili. Ya mirabaraba ilimaanisha nenda, nyekundu ilimaanisha ngoja. Majira ya baridi alivaa nguo nzito na kubaki palepale. Mwaka uliofuata mji wa Cleveland ulifungua mnara wenye redio, na taratibu kazi ya League ikahamia ndani ya vyumba vya vioo. Taa za ishara zilizorithi kazi ya bendera bado zimo katika kanuni za kimataifa: kijani isiyopepesa humruhusu rubani kutua, nyekundu isiyopepesa humtaka ampishe mwenzake na kuendelea kuzunguka. Redio ikizimika leo, mwongoza ndege ataichukua taa hiyo na kumwelekezea rubani.

Mzunguko wenyewe ulipata umbo la mstatili. Ndege hupaa kuuelekea upepo, hukata kushoto, kisha hukata tena na kurudi sambamba na njia ya kurukia huku upepo ukiisukuma kwa nyuma. Ikishaupita mwanzo wa njia hukata mara ya tatu, hukata mara ya nne, na hapo inakuwa imenyooka tayari kutua. Urefu wa kawaida ni futi 1,000 kutoka ardhini. Kila upande wa mstatili una jina lake, na rubani anayetangaza redioni kwamba yuko upande fulani anawaambia wenzake mambo matatu kwa pumzi moja: yuko wapi, anaelekea wapi, na baada ya muda gani atakuwa chini. Ndege mbili zikikaribia kutua pamoja, iliyo chini zaidi ina haki ya kutangulia, ila rubani wake haruhusiwi kuitumia haki hiyo kumkatia mbele aliyekwisha kunyooka.

Vita Kuu ya Pili iliupima utaratibu huu kwa wingi wa ndege ambao haukuwahi kuonekana. Uingereza na wenzake wa Jumuiya ya Madola walikuwa wakifundisha marubani Kanada, Australia, Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, na vijana wenye saa chache za uzoefu walijazana kwenye viwanja vya mafunzo. Tarehe 29 Septemba 1940, Avro Anson mbili za shule ya urubani karibu na Wagga Wagga, Australia, zilikutana zikiwa zinapinda juu ya kijiji cha Brocklesby. Moja ilikuwa juu ya nyingine, na hakuna aliyemwona mwenzake. Zikang'ang'aniana. Injini za ndege ya juu zilizimika, za ile ya chini zikaendelea kunguruma. Watu watatu waliruka kwa miamvuli. Wa nne, Leonard Fuller, rubani wa ndege ya juu, akagundua kwamba usukani wake bado unatii. Aliziongoza ndege zote mbili kama chombo kimoja kwa takriban kilomita 8 na kuzitua kwa tumbo katika shamba la malisho. Wote wanne waliokoka.

Moja juu, nyingine chini: ni mkao uleule wa Milano, na ungejirudia tena na tena. Baada ya vita wenye ndege binafsi waliongezeka Marekani, na viwanda viwili vikubwa vikashika njia tofauti. Ndege nyingi ndogo za Cessna zina bawa juu ya chumba cha rubani. Piper aina ya Cherokee na jamaa zake zina bawa chini. Wa kwanza haoni vizuri yaliyo juu yake, wa pili haoni yaliyo chini. Sasa mweke mwenye bawa la chini juu ya mwenye bawa la juu, wote wakishuka kuelekea mwanzo wa njia moja. Kila mmoja amefichwa na bawa au mwili wa ndege yake mwenyewe. Mwaka 1999, katika uwanja wa Plant City, Florida, Piper na Cessna zilitua hivyo hivyo, moja ikiwa imeikalia nyingine, na waliokuwemo wakanusurika. Hii ndiyo sababu walimu wa urubani huwafundisha wanafunzi kuinua kidogo bawa na kuchungulia kabla ya kukata kona yoyote ya mzunguko.

Jicho la binadamu lina udhaifu mwingine, mgumu zaidi kuutambua. Kitu kinachokwenda kukugonga hakisogei kwenye kioo cha dirisha. Kinabaki doa dogo mahali palepale, kisha katika sekunde za mwisho kinavimba ghafla. Macho yetu hushtushwa na kitu kinachotembea, na hiki hakitembei. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani unakadiria kwamba tangu jicho lione kitu hadi ndege ianze kugeuka hupita sekunde 12.5. Ndege mbili ndogo zikijongeleana, kila moja kwa kilomita 185 kwa saa, humaliza zaidi ya kilomita 1 na robo katika muda huo. Mwaka 1991 wachunguzi wa ajali za anga wa Australia walitoa ripoti kamili juu ya mipaka ya kutegemea kuona na kukwepa. Humo walieleza matokeo ya majaribio ya Marekani: rubani aliyeambiwa atazame upande gani hufaulu kuiona ndege nyingine mara 8 zaidi ya yule anayetafuta bila kuambiwa. Tangazo moja fupi la redioni, likitaja mahali sahihi, huongeza nguvu ya macho kiasi hicho.

Hata kuambiwa kuna mipaka yake. Tarehe 25 Septemba 1978, Boeing 727 ya shirika la PSA ilikuwa ikiuzunguka mji wa San Diego, California, ili kutua. Waongoza ndege waliwaarifu marubani kuhusu Cessna 172 iliyokuwa kwenye mafunzo mbele yao. Waliiona, kisha ikawapotea, wakadhani wamekwisha kuipita. Ilikuwa mbele yao na chini yao. Watu 144 walikufa, 7 kati yao wakiwa majumbani na mitaani. Miaka 8 baadaye, tarehe 31 Agosti 1986, DC-9 ya Aeroméxico na Piper ndogo ziligongana juu ya Cerritos, karibu na Los Angeles, zikaua watu 82. Mwaka 1987 Marekani ikapitisha sheria ya kuzilazimisha ndege kubwa za abiria kubeba kifaa kinachozigundua ndege za jirani kwa mawimbi ya redio na kumwamuru rubani apande au ashuke. Kufikia mwisho wa 1993 kilikuwa kimeenea.

Watu husema ajali haina kinga. Kwa ndege kubwa, kifaa hiki kilikuwa kinga ya wazi. Lakini kilitengenezwa kwa ajili ya anga la juu: ndege ikiwa chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, huacha kutoa amri zake, kwa kuwa kumwamuru rubani kushuka karibu na ardhi ni hatari nyingine. Kimo hicho ndicho hasa kimo cha mzunguko wa kutua. Mashine inanyamaza pale ambapo msongamano unaanza, na rubani anarudi kwenye mambo ya zamani: macho, redio, na kushika mstatili.

Yaliyotokea Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022 yanaonyesha mstatili huo ukivunjwa. Uwanja huo hauna mnara, kama ilivyo kwa viwanja vingi mno vya Marekani. Cessna 152, ndege ya mafunzo ya viti viwili, ilikuwa ikizunguka, ikigusa njia na kupaa tena. Cessna 340 ya injini mbili ilikuja kutoka mbali, ikanyoosha moja kwa moja kuelekea njia bila kuingia kwenye mzunguko, kwa mwendo wa takriban kilomita 330 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa ile ndogo. Wote wawili walizungumza redioni. Rubani wa ndege ndogo alitambua kwamba mwenzake anamjia kwa kasi kutoka nyuma, akatangaza kuwa anaacha kutua ili ampishe. Hakuwahi. Watu watatu walikufa. Wachunguzi walitaja mwendo uliopita kiasi wa ile Cessna 340, na kwamba rubani wake hakuiona wala kuikwepa ndege ya mbele. Sheria haikumkataza kunyoosha moja kwa moja. Ila alitokea mahali ambapo mwenzake hakumtarajia, na kwa mwendo usiompa nafasi ya kujirekebisha.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, na kitovu chake ni Nairobi. Klabu ya Urubani ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mjane aliyependa ndege, alianzisha shirika la Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, wakiwa na ndege ndogo ya Gipsy Moth. Ndege zake zilikuja kubeba barua na abiria hadi Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwaka 1939 ndege na marubani walichukuliwa na jeshi, na shirika likaisha. Uwanja wake wa Nairobi ulibaki, na mwaka 1962 ukapewa jina la mama huyo, Wilson.

Ndege kubwa zilikuwa zimekwisha kuhamia uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958. Wilson ukawa nyumba ya ndege ndogo za kila aina. Madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, wanaruka kutoka hapo. Watalii wanaondokea hapo kwenda Maasai Mara, Amboseli na Lamu. Mizigo ya misaada na ya miraa imepitia hapo kwenda Somalia. Shule za urubani zipo uzio kwa uzio na mashirika ya abiria. Kuna njia mbili za kurukia zenye mielekeo tofauti. Embakasi uko upande wa mashariki na uwanja wa jeshi wa Eastleigh upande wa kaskazini-mashariki, kila mmoja na anga lake. Kusini imebaki Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na juu ya hifadhi hiyo ndipo ndege nyingi za mafunzo huzunguka.

Ongeza kimo cha Nairobi. Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mchana huinyima injini ndogo nguvu. Cessna yenye mwalimu na mwanafunzi hupanda polepole, huku ndege ya abiria yenye injini mbili za tabo ikipaa kwa kasi kutoka uwanja uleule. Ni tofauti ileile ya mwendo iliyoonekana Milano na Watsonville, na hapa ipo kila siku ya kazi.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya shirika la Safarilink iliondoka Wilson kuelekea Diani ikiwa na watu 44. Muda mfupi baada ya kupaa iligongana na Cessna 172 iliyokuwa kwenye mafunzo. Mabaki ya Cessna yaliangukia ndani ya hifadhi, na wote wawili waliokuwemo, mwalimu na mwanafunzi, walikufa. Marubani wa Dash 8 waliirudisha ndege yao Wilson, na hakuna aliyekufa kati ya waliokuwemo. Wilson una mnara na una waongoza ndege. Bado ndege mbili zilifika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Yapo mambo yanayofanyika kwingine na yanayofaa hapa. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Marekani inazitaka ndege, zikiwa katika maeneo yenye msongamano, zijitangaze zenyewe kwa mawimbi ya redio yanayotaja mahali, kimo na mwendo. Mwaka huohuo mamlaka ya anga ya Uingereza ilianza kuwarudishia wenye ndege ndogo nusu ya bei ya vifaa vya namna hiyo, hadi pauni 250. Kifaa hiki hakitoi amri. Humwonyesha rubani atazame wapi, na tumeona macho yaliyoelekezwa yanavyofaa. Kwa shule ya urubani inayohesabu kila lita ya mafuta, ruzuku kama hiyo ndiyo inayoweza kuamua kama kifaa kitanunuliwa.

Vifaa vikishapatikana, linabaki suala la kuchanganya mafunzo na safari za abiria. Mwanafunzi wa urubani huruka peke yake kwa mara ya kwanza ndani ya mzunguko huu: anapaa, anakata kona zake nne, anatua, huku mwalimu akimtazama kutoka ardhini. Saa hiyo akili yake yote iko kwenye mwendo, kimo na njia iliyo mbele, na ana uwezo mdogo kuliko rubani mwingine yeyote angani wa kumtafuta anayetokea nyuma kwa kasi. Wanafunzi hao ndio watakaoendesha ndege za Mara, za Serengeti na za visiwani, nyingi zikitua kwenye viwanja vya changarawe visivyo na mnara. Kuwapatia uwanja wa pembeni, au angalau saa zao zenye ndege chache za abiria, ni mpango ambao mamlaka za anga za Afrika Mashariki, mashirika na shule zinapaswa kuukubali pamoja na kuulipia pamoja.